Jioni Mbili za Filamu za Selman Nacar Katika Ukumbi Mdogo wa Kaloleni, Arusha

Ukumbi ninaouzungumzia uko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani Kaloleni, juu ya duka la vifaa vya umeme, na hauna kibao barabarani. Anayekwenda kwa mara ya kwanza huwauliza waendesha bodaboda wa pale kwenye kona, nao humwonyesha ngazi. Ndani kuna viti arobaini na vinne, nusu vya mbao vyenye mito na nusu vya plastiki, projekta iliyofungwa darini kwa vyuma, na ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeupe kwa uangalifu mkubwa kuliko kuta nyingine tatu. Kiingilio ni shilingi 5,000, na ndani ya fedha hiyo mna kikombe cha chai ya tangawizi, ambacho katika jioni za Julai hapa Arusha si takrima ndogo.

Kwa jioni mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, mama mwenye ukumbi alituonyesha filamu mbili ndefu za Selman Nacar, mwongozaji wa Kituruki ambaye jina lake bado halijazoeleka hata kwa wapenzi wa filamu wa hapa kwetu. Nacar alizaliwa mwaka 1990 Uşak, mji wa magharibi mwa Uturuki ulio kwenye njia itokayo Ankara kwenda İzmir, mji unaoishi kwa viwanda vya nguo, nyuzi na mablanketi, na ambao mwaka 1926 ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya nchi hiyo kupata kiwanda cha sukari. Alisoma sheria pamoja na filamu Istanbul, kisha akaendelea na masomo ya filamu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Nayataja masomo hayo kwa sababu mimi nimekuwa karani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na ndani ya dakika kumi za filamu ya kwanza nilijua kuwa anayenisimulia ni mtu aliyewahi kukaa na majalada.

Wengi wetu tunawajua Waturuki kupitia tamthilia zinazotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa kwenye televisheni zetu kila jioni, zenye masultani, wakwe wakali na mapenzi yasiyoisha. Mke wangu anazifuata kwa uaminifu, wala simlaumu, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ustadi. Wengine wanawajua kupitia reli ya kisasa, ambayo kampuni ya Yapı Merkezi ilishiriki kuijenga. Filamu za Nacar hazifanani na tamthilia hizo hata kidogo. Hakuna kasri, hakuna muziki wa kumwambia mtazamaji alie wakati gani, na watu wake hunyamaza kwa muda mrefu pale ambapo mtu wa kawaida angenyamaza. Kwa hiyo swali langu nilipokuwa napanda zile ngazi lilikuwa moja tu: ukimya huo utatafsiriwaje?

Naeleza kwa kirefu jinsi tafsiri inavyofanyika pale, kwa kuwa hiyo ndiyo huduma hasa ninayoisifia. Katika vibanda vya video vya mitaani tumezoea mtafsiri anayesema juu ya sauti ya waigizaji, akiongeza utani, mithali na majina ya mitaa yetu. Hiyo ni sanaa yenye heshima yake, na kizazi changu kimeipenda sinema kupitia kwa watu hao. Lakini sanaa hiyo haivumilii ukimya. Mwigizaji akinyamaza, mtafsiri huliona pengo la kuzibwa, naye hulizibaziba mpaka hakuna aliyenyamaza tena. Katika ukumbi huu wa Kaloleni wamefanya jambo jingine kabisa. Chini ya picha wamening'iniza kitambaa cheupe chembamba kama leso iliyokunjwa kwa urefu, na projekta ya pili, ndogo, inakiangazia maandishi ya Kiswahili, mstari mmoja au miwili kwa wakati. Binti aliyeyaandika hukaa nyuma na kompyuta yake, na kila mwigizaji anapofungua kinywa yeye hubonyeza mstari unaofuata kwa mkono wake mwenyewe. Mwigizaji akinyamaza, kitambaa hubaki kitupu.

Binti huyo alisoma Uturuki kwa miaka kadhaa kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, kwa hiyo hatafsiri kutoka kwenye Kiingereza kilichokwisha kutafsiriwa na mtu mwingine. Matokeo yake yanaonekana katika mambo madogo. Mtu anapomwita mwenziwe "ağabey", yaani kaka mkubwa, hakuliacha neno hilo lipotee kama wanavyofanya wenye haraka. Ameandika "kaka" kila mahali, na "bwana mkubwa" katika sehemu moja ambapo heshima ile ilikuwa na woga ndani yake. Nilipomfuata baada ya onyesho, aliniamkia "shikamoo mzee" na kuniambia kwamba sehemu hiyo moja ilimchukua siku nzima. Nilimwamini, maana inaonekana.

Filamu ya siku ya kwanza inaitwa "İki Şafak Arasında", ambayo kitambaa kilituandikia "Kati ya Alfajiri Mbili". Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la San Sebastián, Hispania, na mwaka huohuo ikashinda tuzo ya filamu bora katika tamasha la Torino, Italia. Kisa chake kinatimia ndani ya saa ishirini na nne. Katika kiwanda cha nguo cha familia moja huko Uşak, mfanyakazi anajeruhiwa vibaya na mashine. Kadir, mtoto mdogo wa mwenye kiwanda, alikuwa na miadi ya kukutana na familia ya msichana anayempenda jioni hiyo. Badala yake anajikuta akizunguka kati ya hospitali, kiwandani, nyumbani kwao na kwa wakili, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo anavyotambua kwamba baba yake na kaka yake wanatafuta karatasi na sahihi kabla ya jambo jingine lolote. Karatasi inahitaji sahihi ya mke wa mfanyakazi. Mtu wa kumpelekea karatasi hiyo lazima awe mtu mwenye uso wa huruma, na mwenye uso huo katika familia ni Kadir.

Hapo ndipo ninapomwona Nacar kuwa mwongozaji wa kutazamwa kwa miaka ijayo. Mwingine angetuonyesha tajiri katili na maskini mwema, tukarudi nyumbani tumeridhika. Yeye ametupa kijana mpole, msomi, mwenye adabu kwa wafanyakazi, anayetaka kwa dhati kufanya lililo sawa, kisha akatuonyesha jinsi upole huohuo unavyoweza kutumiwa kama chombo cha kuwadhulumu watu. Mwigizaji Mücahit Koçak anamcheza Kadir kwa mabega zaidi kuliko kwa maneno. Yanashuka kidogo kidogo usiku kucha. Nezaket Erden, anayemcheza mke wa mfanyakazi, ana muda mfupi zaidi kwenye picha, lakini anapoitazama karatasi bila kuigusa, ukumbi wote uliacha kunywa chai.

Msiba wa Soma unasaidia kuielewa filamu hii. Tarehe 13 Mei 2014, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Soma, mkoa wa Manisa unaopakana na Uşak, walikufa wachimbaji 301. Tangu hapo suala la usalama kazini halijawahi kuwa jambo la kinadharia kwa Mturuki wa eneo lile. Nacar hautaji msiba huo, wala haikumlazimu, kwa sababu watazamaji wake wa nyumbani waliingia ukumbini wakiwa nao tayari.

Nasi pia tuliingia na ya kwetu. Arusha ni mji wa viwanda vya nguo kama Uşak, na nyumba nyingi za Unga Limited na Ngarenaro zilijengwa kwa mshahara wa mashine za kufuma. Mdogo wangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini, nisichokitaja, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Siku ya nne, akiwa bado wodini, aliletewa karatasi na kijana mpole sana aliyemchukulia matunda, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, alitia alama ya dole gumba la kushoto. Ilikuwa miaka mingi kabla ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kabla ya Mfuko wa Fidia kuanza kazi mwaka 2015. Mimi, karani wa mahakama, niliisoma karatasi hiyo baada ya kutiwa alama, na kisheria haikuwa na kasoro. Kwa miaka yote nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu. Ijumaa ile, kwa mara ya kwanza, nilimfikiria yule kijana wa matunda, nikajiuliza alilala vipi usiku huo, na kama naye alikuwa na miadi mahali fulani.

Filamu ya siku ya pili ni "Tereddüt Çizgisi", ya mwaka 2023, iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la Venice katika kundi la Orizzonti. Binti wa maandishi aliiita "Mstari wa Kusita". Jina hilo ni msamiati wa madaktari wanaochunguza majeraha kwa ajili ya mahakama: ni mkwaruzo mwepesi unaoonyesha kwamba mkono ulijaribu, ukasita, kabla ya jeraha lenyewe. Ni jina zuri kwa filamu yote, na pengine kwa kazi yote ya mwongozaji huyu mpaka sasa. Mhusika mkuu ni Canan, wakili wa kesi za jinai, anayechezwa na Tülin Özen. Asubuhi anasimama mahakamani kumtetea mtu anayeshtakiwa kwa mauaji. Muda uliobaki yuko hospitalini kando ya mama yake, ambaye anapumua kwa mashine, na yeye na dada yake wanatakiwa kuamua jambo ambalo hakuna mtoto anayetaka kuliamua.

Jambo moja lilitokea ukumbini jioni hiyo ambalo sikulitarajia. Karani wa kwenye filamu alipotamka "mahkeme", watu wawili watatu walicheka kwa mshangao. Likaja "hâkim", kisha "şahit", kisha "dakika", na kila neno lilipopita minong'ono iliongezeka, kwa kuwa mtu hakuhitaji kukitazama kitambaa ili kujua kwamba tunasikia mahakama, hakimu, shahidi na dakika. Lugha zetu mbili zilichota katika kisima kimoja cha Kiarabu, kila moja kwa ndoo yake. Baadaye Canan anapozungumza na mteja wake kuhusu ushahidi, watazamaji walikuwa wamekwisha kuinama mbele kana kwamba kesi ni ya hapahapa. Tusisahau kwamba huu ni mji ambao Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi tangu 1995 hadi 2015, na ambao leo una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pamoja na Mahakama ya Afrika Mashariki. Watu wa Arusha wana uzoefu wa kuwatazama wenye majoho.

Nami nilitazama kwa macho ya kazi yangu. Katika mahakama za Uturuki mwendesha mashtaka huketi juu, pamoja na majaji, naye wakili wa utetezi hubaki chini na mteja wake. Kwetu wakili wa serikali na wakili wa mshtakiwa husimama usawa mmoja mbele ya meza ya jaji. Nacar hakuweka mhusika wa kulieleza jambo hilo. Anamwacha tu Canan azungumze huku akiwa amenyanyua uso, na baada ya nusu saa nilianza kuhisi uchovu shingoni mwangu. Mpigapicha wake katika filamu zote mbili ni Tudor Vladimir Panduru, Mromania, na nadhani ni kutoka huko Romania ambako Nacar amejifunza namna ya kukaa karibu na bega la mtu mmoja kwa muda mrefu hadi chumba kizima kionekane kupitia kwake.

Pamoja na hayo, filamu ya pili naiweka chini ya ile ya kwanza. Kumrundikia mhusika mmoja uhai wa mama yake na uhuru wa mteja wake ndani ya siku moja ni hesabu ya mwandishi, nami niliiona hesabu hiyo ikifanyika. Katika "Kati ya Alfajiri Mbili" kila hatua inazaliwa na hatua iliyotangulia, kama uzi unaovutwa kwenye blanketi. Katika "Mstari wa Kusita" nyuzi mbili zimewekwa sambamba, na mwongozaji anatuomba tuone zinavyofanana. Özen anaiokoa, maana ana namna ya kutembea katika korido za hospitali na za mahakama kwa mwendo uleule, na mwendo huo unasema yale ambayo kisa kinajitahidi mno kuyasema.

Filamu mbili hazitoshi kumtolea mwongozaji hukumu, lakini zinatosha kuonyesha anakotazama. Amerudi mara zote mbili kwenye mji wake mdogo, ingawa Istanbul ingempa waigizaji, fedha na mandhari. Amechagua siku moja badala ya miaka. Amechagua watu wa tabaka la kati, wenye elimu, ambao sheria ni rafiki yao, na anawauliza watafanya nini sheria inapowaruhusu kufanya jambo ambalo dhamiri inalikataa. Neno la Kituruki la dhamiri ni "vicdan", na bwana mmoja aliyeketi nyuma yangu, mwalimu wa madrasa, alitukumbusha kwamba nalo asili yake ni Kiarabu, ila kwetu halikufika.

Kuna watakaomlaumu kwamba haikemei serikali. Anayesema hivyo akumbuke mazingira ambamo wenzake wanafanya kazi. Baada ya filamu ya Emin Alper ya mwaka 2022 kutoka, Wizara ya Utamaduni na Utalii ilimdai arudishe ruzuku iliyompa. Mwaka 2023 tamasha la Antalya, ambalo lingekuwa la 60, lilifutwa lote kwa sababu ya mgogoro juu ya filamu moja ya hali halisi inayohusu watu waliofukuzwa kazi kwa amri za dharura. Katika hali hiyo, kuiweka kamera juu ya karatasi moja, kalamu moja na mke wa mfanyakazi mmoja, kisha kukataa kuiondoa, kwangu mimi si woga.

Sasa nirudi kwenye ukumbi, maana una dosari ambazo mwenye kiingilio chake anastahili kuzijua. Spika ya upande wa kulia inakoroma sauti zinapokuwa nzito. Viti vya plastiki vimepangwa sambamba bila kupishanishwa, kwa hiyo aliye safu ya nne hakioni kitambaa cha maandishi ila kwa kupindisha shingo, na kwa filamu ya aina hii kukosa mistari miwili ni kukosa njia. Jumamosi, wakati wa tukio la hospitali lililo kimya kuliko yote, baa iliyo nyumba ya pili iliwasha muziki. Mama mwenye ukumbi alishuka mwenyewe kwenda kuwaomba wapunguze, nao wakapunguza. Alisimamisha filamu hadi aliporudi, akairudisha nyuma dakika tatu na kuianza tena. Hilo la kuirudisha nyuma ndilo lililonifanya nimheshimu. Mazungumzo ya baada ya filamu, kwa upande mwingine, yanabanwa mno. Robo saa haiwatoshi watu waliotoka kutazama jambo kama lile, na vijana wawili waliokuwa na maswali mazuri kuhusu kuingia katika masomo ya filamu waliambiwa waulizie ngazini.

Anayetaka kwenda na afike saa kumi na mbili na nusu, apande mapema, achague kiti cha mbao katika safu mbili za mbele, na achukue sweta, kwa kuwa madirisha ya upande wa Meru hayafungi vizuri. Malipo yanapokewa kwa simu pia. Watoto hawaruhusiwi katika jioni za namna hii, na naona ni sawa.

Mama ameniambia kwamba filamu ya kwanza itaonyeshwa tena mwisho wa mwezi, kwa wale waliorudishwa mlangoni siku ile ukumbi ulipojaa. Nimekwisha kulipia viti viwili, cha tatu na cha nne katika safu ya kwanza. Mdogo wangu amekubali kuja, kwa sharti kwamba nisimweleze kisa kabla.